Mkunga na Programu Kubwa Kuliko Zote

Mkunga alikuwa na sheria moja kuhusu televisheni, na sheria hiyo aliitunga mwenyewe. Hakuna mtu aliyeruhusiwa kuisifu programu ambayo hangeweza kuihadithia. Ukisimama mbele ya kibanda cha Odongo pale mtaani kwetu Laini Saba ukatangaza kwamba programu fulani ndiyo kubwa kuliko zote tangu televisheni iletwe duniani, Mkunga alikugeukia polepole, akakutazama kama anayekadiria uzito wako, kisha akasema, "Haya. Tuhadithie moja. Toka mwanzo."

Wengi walikwama hapo hapo. Walikuwa wameiona programu, wameipenda, wamecheka, lakini wakiambiwa waihadithie walirusha mikono hewani na kusema, "Ah, hiyo ni ya kuona tu." Mkunga aliwakatalia. Alisema kitu cha kuona tu ni kama gari la zimamoto, likishapita limepita.

Alikuwa anatoka magharibi, upande wa Maragoli, na hayo ndiyo yote niliyoyajua kuhusu kwao. Hakuwa mtu wa kusimulia alikotoka. Jina lake la ubatizo nililisikia mara chache kanisani, likisomwa na mtu ambaye hakumfahamu, na kila mara ilichukua muda kabla watu hawajatambua ni nani anayeitwa. Kwetu alikuwa Mkunga. Watoto walimwita Mama Mkunga. Wanaume waliomwogopa walimwita Mama tu.

Mimi nilikuwa fundi wa kushona. Cherehani yangu ilikaa mlangoni, na chumba changu na chake vilitenganishwa na ukuta wa mabati uliozibwa kwa maboksi na magazeti. Kwa miaka tuliyokaa pale, mengi niliyojua kumhusu yalinifikia kupitia ukuta huo: kikohozi chake, nyimbo zake, ugoro aliokuwa akiunusa baada ya chakula na kupiga chafya huku akimwomba Mungu msamaha. Kanisani alikuwa wa kwanza kukemea pombe na sigara. Ugoro hakuuhesabu. Alisema ni dawa ya pua.

Odongo alikuwa fundi wa redio, kijana kutoka upande wa ziwa, na kibanda chake kiliegemea reli kiasi kwamba treni ikipita vikombe vilitembea mezani. Televisheni yake haikuwa ya rangi. Ililetwa na mteja atengenezewe, mteja akahama asirudi, na Odongo akabaki nayo. Aliiwasha kwa betri ya gari. Jumapili baada ya kanisa aliitoa mpaka mlangoni, akageuza kioo kitazame nje, akapanda juu ya paa kushika eriali huku akipiga kelele, "Sasa? Na sasa?" na sisi tukijibu kutoka chini, "Chenga! Bado chenga! Hapo! Usitingishike!"

Kila mtu alikuja na kigoda chake. Mkunga alikaa mwisho wa benchi, upande wa njia, ili akiitwa asisumbue watu. Kiondo chake kilikaa mguuni: glavu, nyembe mpya katika karatasi, uzi, pamba, sabuni, leso mbili zilizofuliwa na kupigwa pasi. Hakuna aliyewahi kukigusa kiondo hicho. Hata walevi wa Jumapili walikiruka.

Mabishano yalianza kabla ya picha kutulia na yaliendelea betri ikishakufa. Odongo alishikilia mieleka. Kwake hakukuwa na mjadala. Hao wengine wote walikuwa waigizaji, ila mwanamieleka akianguka ameanguka kweli. Wanjala hakukubali. Huyu alikuwa askari wa mlangoni katika ofisi moja mjini, naye pia mtu wa magharibi, na kwa sababu hiyo yeye na Mkunga walitaniana bila mipaka. Wanjala alisema programu kubwa kuliko zote ni taarifa ya habari.

"Taarifa si programu," Odongo alimwambia.

"Kwa nini?"

"Haina stori."

"Haina stori? Jana waziri amefutwa, leo anaimba wimbo wa kumsifu aliyemfuta. Hiyo ni nini kama si stori? Na haiishi. Hizo zenu zote zinaisha. Taarifa itawazika nyinyi wote."

Mkunga alimsikiliza Wanjala akihadithia taarifa nzima ya habari, pamoja na hali ya hewa, na akakubali kwamba ilihadithika. Lakini alisema ilikuwa na watu wengi mno na hakuna hata mmoja ambaye mtu angependa amtembelee nyumbani.

Odongo naye alipotakiwa kuhadithia mieleka hakutumia maneno. Alivua shati, akawa mtu wa kwanza, kisha akawa mtu wa pili, akajikamata shingo, akajitupa juu ya gunia la maranda lililokuwa kwa seremala jirani. Gunia halikuwa na maranda ya kutosha. Mkunga alimkanda bega kwa maji ya moto na chumvi wiki nzima, na Jumapili iliyofuata akatangaza mbele ya watu, "Odongo nimempa alama. Hiyo niliiona."

Yeye mwenyewe alitetea mchezo mmoja wa Kiswahili uliokuwa ukionyeshwa Jumapili jioni kabla ya taarifa. Uliitwa *Ukuta wa Jirani*. Ulihusu familia mbili za mjini zilizoishi nyumba zilizoungana, zikagombana kwa sababu ya harusi iliyovunjika, na kwa miezi mingi zikawa zinasikilizana kupitia ukuta bila kusemeshana. Mkunga aliupenda mchezo huo kuliko alivyoweza kueleza. Alimpenda zaidi Bi Kerubo, mama mkali wa nyumba ya kulia, ambaye kila kipindi alitishia kuubomoa ukuta kwa nyundo na kila kipindi alikosa nyundo.

"Hii ndiyo kubwa," alisema. "Hakuna bunduki, hakuna gari linaloruka. Watu wamekaa tu, na moyo wako unadunda."

Kitu ambacho wageni hawakukijua, na ambacho sisi tulikizoea mpaka tukaacha kukiona, ni kwamba huyu mwamuzi wa mabishano yote hakuwa akiona programu zikiisha. Kila Jumapili mtu alitokea. Mume anayehema, shemeji aliyevaa viatu tofauti, mama mkwe mwenye hasira. Mkunga aliokota kiondo na kwenda. Wakati mwingine aliondoka neno likiwa bado mdomoni mwa Bi Kerubo. Hakulalamika. Alinigusa bega tu akipita, na mimi nilijua nimepewa kazi.

Asubuhi yake alibisha mabati. "Umeamka? Ilikuwaje?"

Nami nilihadithia huku nikiwasha jiko, yeye akisikiliza kutoka upande wake. Hakuwa msikilizaji rahisi. "Alikuwa amevaa nini? Alisimama au alikaa? Alipojibu hivyo, alimwangalia mtu au aliangalia chini?" Nikisema sikumbuki alinyamaza kwa namna iliyonifanya niape nitaangalia vizuri zaidi wiki ijayo. Treni ilikuwa adui yetu mkubwa. Ilipita katikati ya maneno muhimu, na kila mtu aliyekuwepo alibuni maneno yake. Mara moja nilimletea Mkunga majibu matatu tofauti ya Bi Kerubo, la Odongo, la Wanjala na langu. Alichagua la Wanjala, akaomba nisimwambie.

Kanisa letu lilikuwa na siku za kufunga, na katika siku hizo Mkunga alijizuia na televisheni pia kwa sababu mchungaji aliihesabu kuwa ya dunia. Alikuja kwa Odongo hata hivyo. Aligeuza kigoda, akakaa amekipa kioo mgongo.

"Mama, si umefunga?" Wanjala alimuuliza.

"Nimefunga macho. Masikio sijayafunga."

Na kulikuwa na siku ile walipoonyesha mchezo wa ng'ambo ambamo mwanamke alijifungua ndani ya lifti. Nywele zake zilikuwa zimechanwa, mdomo umepakwa rangi. Alilia mara mbili kwa adabu, kisha daktari kijana akainua mtoto aliyevikwa taulo jeupe. Mkunga alianza kucheka kabla taulo halijafunguliwa. Alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. "Huyo mtoto ana meno!" alisema alipopata pumzi. "Huyo amekuja kutembelea!" Tangu siku hiyo, kila programu isiyosema kweli aliiita ya lifti. Maneno hayo yalienea. Nilimsikia mwanamke sokoni akimwambia muuza nyanya kwamba bei yake ni ya lifti.

Akiwa kazini alikuwa mtu mwingine. Nilimsindikiza mara kadhaa, palipohitajika mikono ya pili, na sikusikia mzaha hata mmoja. Alisema kidogo. "Mtoto hana haraka," aliwaambia wenye uchungu, "ni wewe ndiye una haraka." Alikuwa mwepesi wa kusema hapana. Akiona jambo halimpendezi hakujaribu ushujaa. Aliagiza mkokoteni na kumpeleka mama barabarani likatafutwe gari la hospitali. Wakunga wengine walimcheka kwa hilo. Walisema anaogopa. Yeye alikubali kwamba anaogopa.

Kipindi cha mwisho cha *Ukuta wa Jirani* kilitangazwa wiki kadhaa mapema, na Laini Saba hapakuwa na habari nyingine. Je, ukuta ungebomolewa? Odongo alipeleka betri ikachajiwe upya. Watu walikuja kutoka Soweto ya magharibi, mtaa wa jirani, wakiwa na viti vyao kichwani. Mkunga alifika mapema kuliko kawaida, amevaa gauni la kanisani, na kwa mara ya kwanza alikaa katikati ya benchi.

Nusu ya kipindi haikuwa imepita nilipomwona kijana mmoja akipenya kati ya watu. Alikuwa mume wa Achieng', binti mdogo wa kule Soweto aliyekuwa na mimba yake ya kwanza. Nilikuwa nimekaa karibu na Mkunga, bega kwa bega. Nilisikia kila neno.

"Mama, Achieng' ameshikwa."

"Tangu lini?"

"Mchana."

"Mchana! Na unakuja saa hii?"

"Alikataa nikuite. Alisema uko na mchezo wako."

Mkunga alikuwa tayari amesimama. Watu walipiga kelele akae, anawaziba. Alipita katikati yao na kiondo, na sikumwona akigeuka nyuma. Kwenye kioo Bi Kerubo alikuwa hatimaye ameipata nyundo.

Mkunga alimkuta Achieng' amechoka na mtoto amelala kingama. Aliita mkokoteni pale pale. Walimsukuma hadi barabarani, gari likapatikana, wakafika hospitali. Achieng' alipona. Mtoto alitolewa akiwa amekwisha kufa. Alikuwa wa kiume.

Siwezi kusema uvumi ulianzia wapi. Kufikia katikati ya wiki ulikuwa umeshapata miguu, na ulikuwa na maelezo mazuri: kwamba mume alimwita Mkunga, kwamba Mkunga alimwambia ngoja kidogo, kwamba kijana wa watu alisimama pale akitetemeka mpaka mchezo ukaisha. Wengine waliongeza kwamba Mkunga alipiga makofi. Nilisema nilichokiona kwa kila aliyeleta nguo kushonwa. Walinisikiliza, wakatikisa kichwa, wakasema, "Wewe ni jirani yake." Ulihadithika, huo uvumi. Mtu aliyekuwa pale na mtu ambaye hakuwepo waliusimulia sawasawa.

Mume wa Achieng' angeweza kuusahihisha. Alikuwa amempeleka mkewe kwa mama yake ng'ambo ya pili ya mji apumzike, na mwenyewe alikuwa akitoka alfajiri kwenda kazi ya mjengo na kurudi akiwa kimya. Hakuna aliyemuuliza. Nadhani watu hawakutaka kumuuliza.

Jumapili mbili hivi baadaye Mkunga alikuja kwa Odongo kama kawaida. Alirudi kukaa mwisho wa benchi. Mabishano yalianza kwa uzito, kila mtu akichagua maneno, mpaka mwanamume mmoja ambaye hakuwa mwenyeji akauliza, kwa nia njema tu, basi katika hizi zote ni ipi kubwa?

Wanjala alikuwa amekunywa. Alisema, "Kubwa? Ni ile iliyomkalisha mkunga hadi mtoto wa mtu akafa."

Betri ilikuwa bado ina nguvu na kwenye kioo kulikuwa na watu wakiimba. Odongo aliinama akapunguza sauti. Mkunga alimaliza chai yake. Aliokota kigoda chake, ingawa alikuwa amekaa benchini na kigoda kilikuwa kando tu, akakiweka juu ya kiondo, akasema, "Odongo, asante kwa chai," akaondoka.

Nilimfuata jioni hiyo. Nilimkuta akichambua kunde kana kwamba hakuna lililotokea. Nilimuuliza kwa nini hakujitetea. Mimi nilikuwepo, mume wa Achieng' alikuwepo, ingetosha kusema.

Alichambua majani yaliyobaki mkononi.

"Nikisema niliwahi, wataniuliza basi mbona mtoto amekufa," alisema. "Hilo swali sina jibu lake. Hakuna mwenye jibu lake. Acha wailaumu televisheni. Angalau wana kitu cha kulaumu."

"Wanakulaumu wewe, mama."

"Haya, na mimi."

Miezi iliyofuata haikuwa rahisi kwake. Wanawake walipita mlangoni pake wakienda kwa mkunga mwingine, mmoja aliyesifiwa kwa kuwa hakuwa na muda na mambo ya dunia. Mkunga alianza kuuza mboga za kienyeji kando ya reli. Kiondo kilining'inia ndani ukutani. Kwa Odongo hakurudi, wala asubuhi hakubisha mabati. Nilitaka kumwambia jinsi *Ukuta wa Jirani* ulivyoisha, kwa sababu nilikuwa nimeutazama kwa makini kuliko mchezo wowote maishani mwangu, nikiwa nimemwekea kila kitu: nguo, macho, waliosimama, waliokaa. Mara ya kwanza nilipofungua mdomo alisema, "Hiyo usinipe." Sikurudia.

Mwaka ukaenda. Jumapili moja, kabla ya mvua ndefu, Achieng' alitokea kwa Odongo. Alikuwa amerudi kwa mumewe bila sisi kujua, na alikuwa na mimba kubwa. Hakuwa mtu wa kuongea mbele za watu. Alikuwa binti mwembamba mwenye sauti ya chini, aina ya mtu anayesema na wewe huku akitazama kitu kilicho mkononi mwako. Alisimama kati ya kioo na benchi, mahali ambapo mtu yeyote angezomewa, na hakuna aliyemzomea.

"Nimesikia huko kwa mama yangu," alisema, "eti mtoto wangu alikufa kwa sababu ya televisheni. Nani amesema?"

Alitazama vikombe mikononi mwetu.

"Mimi ndiye nilichelewa. Nilimwambia mume wangu asimwite, ati nisimharibie Mama mchezo wake. Aliponifikia alikuwa amekimbia mpaka kiatu kimoja kimebaki matopeni. Alikaa na mimi hospitali mpaka asubuhi, na kiatu kimoja. Hiyo kiatu hamkuiona? Mliona kila kitu, kiatu hamkuiona?"

Wanjala alivua kofia yake ya kazi. Aliishika mbele ya tumbo kama mtu aliye kanisani, kisha akaondoka. Kesho yake nilipofungua mlango palikuwa na mitungi ya maji imejaa mlangoni pa Mkunga, na Wanjala ndiye aliyekuwa akiipanga. Alifanya hivyo wiki baada ya wiki. Sikuwahi kumsikia akiomba msamaha, na sikuwahi kumsikia Mkunga akiutaka. Alitoka nje siku moja akamwambia, "Wewe, mtungi wa bluu unavuja," na mambo yakawa yamekwisha.

Achieng' alitaka Mkunga amzalishe. Mkunga alikataa katakata. Alisema safari hii ni hospitali toka mwanzo, na kila kliniki atampeleka mwenyewe, na alimpeleka. Siku ilipofika tulikwenda sote watatu asubuhi, tukakaa kwenye benchi la ukumbini pamoja na wengine wengi. Nesi alisema bado, amtembeze. Basi Mkunga alimshika Achieng' kiunoni, wakawa wanakwenda mpaka dirishani na kurudi.

Katika moja ya safari hizo nilimsikia Achieng' akisema, "Mama, mchezo wako. Hujawahi kujua uliishaje."

"Sitaki kujua."

"Hata mimi sikuuona. Lakini dada yangu alinihadithia. Nikuhadithie?"

Walifika dirishani, wakageuka. Nilidhani Mkunga angekataa. Alimtazama Achieng', aliyekuwa na jasho juu ya mdomo na aliyekuwa akitafuta kitu chochote cha kushika, akasema, "Haya. Toka mwanzo."

Achieng' alihadithia vibaya. Alichanganya majina. Uchungu ulipokuja aliacha neno katikati, akashika kola ya Mkunga, na ulipopita alirudi nyuma zaidi ya pale alipoachia. Wanawake wengine kwenye benchi walianza kusikiliza. Mmoja aliyekuwa na uchungu wake mwenyewe aliuliza, "Bi Kerubo ni nani?" na akaelezwa.

"Basi akainua nyundo," Achieng' alisema.

"Kwa mkono gani?"

"Sijui, mama. Akainua. Wote wametoka nje wanaangalia. Akapiga. Lakini ukuta hawakuubomoa."

"Hawakuubomoa?"

"Walitoboa mlango."

Mkunga alisimama katikati ya ukumbi. "Mlango tu?"

"Mlango tu."

"Baada ya miezi yote hiyo?"

"Mama..."

"Pumua. Pumua kwanza. Huo mlango tutaurudia."

Nesi alimwita Achieng' ndani kabla hawajaurudia. Mlango ulifungwa na sisi tukabaki nje, Mkunga akiwa amekaa kama jamaa yeyote wa mgonjwa, akisikiliza. Hakuwa na la kufanya, na hakuwa amezoea. Alinusa ugoro hadharani. Mtoto alipolia alijua kabla yetu sote kwamba ni wetu. Alisema tu, "Huyo," na akafunika uso kwa leso. Ilikuwa mara ya pekee nilipomwona akilia, na hakulia kwa muda mrefu. Mtoto alikuwa msichana.

Jumapili hiyo alirudi kwa Odongo. Watu walimpisha katikati ya benchi, akakataa, akakaa mwisho. Alipoulizwa kama msimamo wake ni ule ule alisema *Ukuta wa Jirani* ulikuwa na mwisho dhaifu. Mtu hawezi kutishia nyundo miezi yote hiyo kisha alete mlango. Hata hivyo bado ndiyo programu kubwa kuliko zote.

"Kwa nini, kama mwisho ni dhaifu?" Odongo alidai. "Hiyo si haki, Mama. Mieleka haina mwisho dhaifu."

"Kwa sababu nimehadithiwa na mtu ambaye hakuuona," Mkunga alisema, "aliyehadithiwa na mwingine, akiwa na uchungu, na bado nimeuona. Leta mieleka ifanye hivyo."

Mabishano hayo yalikufa kidogo kidogo kadiri watu walivyonunua televisheni zao wenyewe. Kila mtu akawa na mlango wake wa kufunga na programu yake ya kutazama. Odongo alifungua duka upande wa barabara. Wanjala alistaafu akarudi nyumbani. Mimi nilihamia Kawangware, nikapata kibanda cha kushonea sare za shule, na kwa muda sikusikia habari za Mkunga ila kwamba naye hayupo tena Laini Saba.

Nilimpata karibu na mwisho wa miaka ya tisini, pale mtaani Forty-six, nilipokuwa nikipeleka sketi kwa mteja. Alikuwa amekaa mlangoni kwa binti yake. Alikuwa amepungua. Niliposema jina langu alinijibu kwa kuniuliza kama bado nashona mishono iliyopinda.

Ndani kulikuwa na televisheni ya rangi, ndogo, na wajukuu wake wawili wa kike wakiigombania. Mmoja alitaka mchezo wa ng'ambo ambamo midomo ya watu na maneno yao vilikwenda njia tofauti. Mwingine alitaka muziki. Walirushiana maneno kwa Sheng nisiyoifuata yote. "Manze, hiyo yako ni ya kitambo! Hakuna msee anawatch hiyo!" Hatimaye mkubwa alitoa kichwa mlangoni. "Kukhu," alisema, kama wanavyomwita bibi kwao, "amua. Gani ndiyo kali kuliko zote?"

"Mimi nimestaafu," Mkunga alisema. "Pelekeni kwa mama yenu."

Tulizungumza mpaka jua likahama upande wa pili wa njia. Hakuwa mgonjwa, alisema, ila miguu. Hakuzalisha tena, wanawake wa pale walikwenda kliniki, na alifurahi. Nilipoinuka kuondoka alinishika mkono.

"Nataka unishonee nguo."

"Ya kanisa?"

"Ya kuzikiwa."

"Mama, usiseme hivyo."

"Nisiseme nini? Wewe ni fundi au mchungaji? Toa futi."

Nilikuwa nayo shingoni. Nilimpima pale pale mlangoni, yeye akiwa amesimama wima kama askari na wajukuu wakiwa wamenyamaza ndani kwa mara ya kwanza. Mabega yalikuwa yamekuwa madogo. Nilimuuliza rangi, nikamtajia nyeupe.

"Si nyeupe. Nyeupe inaonyesha kila kitu. Kijani. Na uweke mifuko."

"Mifuko?"

"Miwili. Mikubwa."

"Mama, huko mifuko ya kuweka nini?"

"Mikono," alisema. "Nikiiacha nje kuna mtu ataiona aniite."

Niliishona kwa kitambaa kizito cha kijani, na mishono nikainyoosha kadiri nilivyoweza. Alikuja kuichukua mwenyewe, akitembea polepole na mjukuu kando yake. Aliigeuza ndani nje akakagua, akaingiza mkono mfukoni mpaka kwenye kifundo, akatoa. Alisema inafaa.

Jumapili hiyo nilikwenda kanisa lao, kwa kuwa alinialika. Nilimwona kabla hajaniona, amesimama na kina mama wa kwaya. Alikuwa ameivaa. Nilingoja wimbo uishe, nikamsogelea, nikamnong'oneza, "Mama, si ulisema hii ni ya..."

"Kwani imeandikwa tarehe?" alisema, akaingiza mikono mifukoni, akaanza wimbo uliofuata.